Kutoka Njia ya Pamoja hadi Orodha-Mnyororo: Kiwango cha SCI na Suala la Upatanifu wa Kumbukumbu katika Kompyuta zenye Prosesa Nyingi

Ikisiri

Makala haya yanachambua kiwango cha IEEE 1596 cha mwaka 1992, kijulikanacho kwa ufupisho wa SCI, kilichobuniwa ili kuunganisha prosesa nyingi zinazotumia kumbukumbu moja ya pamoja. Yanaeleza mipaka ya kimaumbile iliyowalazimu wahandisi kuiacha njia ya pamoja, muundo wa pete na pakiti uliochukua nafasi yake, na itifaki ya orodha-mnyororo iliyotumika kutunza upatanifu wa kashe. Kisha yanalinganisha mashine zilizotekeleza kiwango hicho na zile zilizofuata mbinu nyingine. Hoja inayojengwa ni kwamba SCI ilitatua tatizo la ukubwa kwa kuhamishia taarifa za upatanifu ndani ya kashe zenyewe, lakini kwa kufanya hivyo iliiweka hatima yake mikononi mwa wanaomiliki lango la kashe, yaani watengenezaji wa prosesa. Hoja hiyo inasaidia kueleza kwa nini sehemu ya umeme ya kiwango ilienea mahali pengi ilhali sehemu ya upatanifu ilibaki katika mashine chache, na kwa nini suala hilo hilo limerejea katika kiwango cha CXL.

1.0 Utangulizi

Kompyuta yenye prosesa nyingi huweza kupangwa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, kila prosesa huwa na kumbukumbu yake, na prosesa huwasiliana kwa kupelekeana ujumbe. Katika namna ya pili, prosesa zote huona kumbukumbu moja: anwani ile ile ina maana ile ile kwa kila prosesa, na thamani iliyoandikwa na prosesa moja husomwa na nyingine bila mwandishi wa programu kutuma ujumbe wowote. Namna hii ya pili humrahisishia kazi mwandishi wa programu, lakini humwongezea mzigo mjenzi wa mashine.

Mzigo huo unatokana na kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, ambamo nakala za data zinazotumika mara kwa mara huwekwa. Bila kashe prosesa ya kisasa ingetumia muda mwingi kusubiri kuliko kukokotoa. Lakini kashe zinapokuwa nyingi, data moja huwa na nakala nyingi, na prosesa mojawapo inapobadilisha nakala yake, nyingine hubaki zikisoma thamani iliyopitwa na wakati. Kuhakikisha kwamba jambo hilo halitokei ndiko kunakoitwa hapa kutunza upatanifu wa kashe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya wahandisi waliokuwa wakishiriki katika kazi ya kiwango cha Futurebus walitambua kwamba njia ya pamoja, hata ikiboreshwa namna gani, isingeweza kuhudumia prosesa zilizokuwa zikitarajiwa katika muongo uliofuata. Kundi jipya la kazi liliundwa chini ya taasisi ya IEEE, likaongozwa na David Gustavson wa kituo cha utafiti wa chembe cha SLAC, Marekani. Miongoni mwa waliochangia kwa kiasi kikubwa walikuwamo David James wa kampuni ya Apple, wahandisi wa kampuni ya Dolphin ya Norway, na Stein Gjessing wa Chuo Kikuu cha Oslo. Kazi yao ilipitishwa kuwa kiwango mwaka 1992. Jina walilokipa, likielezwa kwa Kiswahili, lina maana ya kiolesura patanifu kinachoweza kukuzwa, na maneno hayo mawili, upatanifu na ukuzaji, ndiyo yanayobeba mvutano unaochambuliwa hapa.

2.0 Mipaka ya Njia ya Pamoja

Njia ya pamoja ni kundi la nyaya linalopita mbele ya prosesa zote na kumbukumbu. Anayetaka kutuma husubiri zamu, hukabidhiwa nyaya zote, hutuma, kisha huziachia. Faida yake kubwa ni kwamba kila kinachotumwa husikika na wote. Kashe ikisikia kwamba anwani iliyo ndani yake inaandikwa na prosesa nyingine, huibatilisha nakala yake papo hapo. Hakuna haja ya kuweka kumbukumbu ya nani ana nakala gani, kwa kuwa kila mwenye nakala anasikiliza mwenyewe. Mbinu hii ya usikilizaji ndiyo iliyotumika katika mashine nyingi za miaka ya 1980.

Mipaka yake ni mitatu. Wa kwanza ni wa zamu. Kwa kuwa ni mmoja tu anayeweza kutuma kwa wakati mmoja, uwezo wa njia hugawanywa kwa idadi ya prosesa. Prosesa ikiongezwa, fungu la kila moja hupungua. Wa pili ni wa usikilizaji wenyewe. Kila kashe hulazimika kuchunguza kila muamala unaopita, hata ule usioihusu, na mzigo huo hukua pamoja na idadi ya prosesa.

Mpaka wa tatu ni wa kimaumbile, nao haukwepeki kwa ufundi wa kupanga zamu. Ishara ya umeme katika waya wa ubao wa saketi husafiri takriban sentimita 15 hadi 20 kwa nanosekunde moja. Katika njia ya pamoja yenye urefu wa nusu mita, ishara huhitaji nanosekunde kama 3 kufika mwisho. Zaidi ya hapo, kila mahali ambapo kadi imechomekwa, sehemu ya ishara huakisiwa na kurudi, na mpokeaji hana budi kusubiri mpaka miakisiko hiyo itulie ndipo asome thamani kwa uhakika. Kwa hiyo kasi ya njia ya pamoja huwekewa ukomo na urefu wake na idadi ya vifaa vilivyochomekwa. Anayetaka prosesa nyingi zaidi hurefusha njia, na anayerefusha njia huipunguza kasi. Hapo ndipo kundi la SCI lilipohitimisha kwamba njia ya pamoja haikuhitaji marekebisho tena, bali mbadala.

3.0 Muundo wa Kiungo cha SCI

3.1 Njia za Upande Mmoja na Pete

Mbadala uliochaguliwa ni njia ya kutoka nukta moja hadi nyingine, yenye mtumaji mmoja upande huu na mpokeaji mmoja upande ule, isiyogeuka mwelekeo kamwe. Katika njia ya namna hii hakuna matawi yanayoakisi ishara wala zamu ya kugombaniwa. Mtumaji anaweza kutuma alama ya pili kabla ya ya kwanza kufika, na ya tatu kabla ya ya pili. Waya hugeuka kuwa mfereji ambamo alama kadhaa zinasafiri kwa pamoja. Urefu wa waya huongeza muda wa kufika, lakini haupunguzi tena kiasi cha data kinachopita kwa sekunde.

Toleo la nyaya sambamba lililomo katika kiwango lina ishara 18: ishara 16 za data, moja ya saa, na moja ya kuonyesha mipaka ya pakiti. Kila ishara hubebwa na nyaya mbili zenye umeme wa mwelekeo kinyume, ili kelele inayozipata nyaya zote mbili ijifute yenyewe. Saa hupiga megahezi 250, na data husomwa katika kingo zote mbili za pigo, kwa hiyo baiti 2 hupita kila nanosekunde 2, ambayo ni gigabaiti 1 kwa sekunde. Kwa mwaka 1992 kiasi hicho kilikuwa kikubwa kiasi cha kuonekana ndoto. Kiwango kiliweka pia toleo la njia ya mfuatano la gigabiti 1 kwa sekunde, linaloweza kupita katika nyuzi za kioo kwa masafa marefu zaidi.

Kila nodi inahitaji angalau njia moja ya kuingia na moja ya kutoka. Muundo sahili unaotimiza sharti hilo ni pete: nodi ya kwanza humtumia ya pili, ya pili humtumia ya tatu, na ya mwisho humrudia ya kwanza. Pete haihitaji swichi, na kwa hiyo ni nafuu. Hata hivyo ukomo wake unafaa kuhesabiwa. Iwapo kila nodi inawatumia wenzake wote kwa usawa, pakiti ya wastani huzunguka nusu ya pete, kwa hiyo jumla ya data inayoweza kusafiri ni kama mara mbili ya uwezo wa njia moja, bila kujali idadi ya nodi. Katika pete yenye nodi 8, kila moja hupata wastani wa megabaiti 250 kwa sekunde, na hata hizo zinapungua baada ya kutoa vichwa vya pakiti. Ndiyo maana kiwango kilizichukulia pete kuwa vipande vidogo vya kuunganishwa kwa swichi au kwa pete zinazovukana, wala si kuwa mfumo mzima.

3.2 Anwani, Pakiti na Mwangwi

Anwani ya SCI ina biti 64. Biti 16 za juu hutaja nodi, na biti 48 zilizobaki hutaja mahali ndani ya nodi hiyo. Mfumo mmoja unaweza basi kuwa na nafasi za nodi 65,536. Prosesa inayosoma anwani ya mbali haihitaji kujua kwamba ni ya mbali. Mzunguko wake wa kiungo hutazama biti za juu na kuifanya kusoma huko kuwe pakiti.

Muamala mmoja huwa na sehemu mbili, ombi na jibu, na kila sehemu ina pakiti yake na mwangwi wake. Mwangwi ni pakiti fupi ambayo mpokeaji humrudishia mtumaji, ikimjulisha kwamba pakiti imepokewa au kwamba nafasi imejaa na itumwe tena. Kati ya ombi na jibu njia huwa huru kwa wengine, tofauti na njia za pamoja za zamani ambamo aliyeomba alizishika nyaya mpaka ajibiwe. Maombi na majibu huwekwa katika foleni tofauti, ili wingi wa maombi usiyazuie majibu kupita. Laiti yangechanganywa, nodi mbili zingeweza kujaziana foleni kwa maombi na kubaki zikisubiriana daima.

4.0 Upatanifu kwa Njia ya Orodha-Mnyororo

4.1 Gharama ya Daftari

Kuiacha njia ya pamoja kulikuwa na bei. Katika pete au swichi, hakuna anayesikia mambo ya wote. Usikilizaji hauwezekani tena. Ni lazima mahali fulani paandikwe nani ana nakala ya data ipi. Maandishi hayo huitwa daftari. Wazo hilo lilikuwapo tangu kazi ya Censier na Feautrier (1978), ambamo kila fungu la kumbukumbu huwekewa safu ya biti, biti moja kwa kila kashe: biti ikiwa 1, kashe hiyo ina nakala.

Safu ya biti ni rahisi kuielewa na ni ya haraka, lakini ukubwa wake hukua pamoja na mashine. SCI hugawa kumbukumbu katika mafungu ya baiti 64, ambazo ni biti 512. Kwa nodi 64, safu ya biti ingechukua nafasi sawa na asilimia 12.5 ya kumbukumbu yote. Kwa nodi 512, daftari lingelingana na data yenyewe. Kwa nodi 65,536 ambazo anwani ya SCI inaziruhusu, daftari lingekuwa kubwa mara 128 kuliko data linayoihudumia. Zaidi ya hayo, mjenzi angelazimika kuamua ukubwa wa juu kabisa wa mashine siku anapotengeneza kadi ya kumbukumbu ya kwanza.

Ufumbuzi wa SCI, ulioelezwa mapema na James na wenzake (1990), ni kuligawa daftari lenyewe. Kumbukumbu hushika jambo moja tu: namba ya nodi iliyo kichwa cha orodha ya wenye nakala. Kila kashe yenye nakala hushika vielekezi viwili, kimoja cha aliye mbele yake na kimoja cha aliye nyuma. Kwa kila fungu, kumbukumbu huhitaji kielekezi cha biti 16 na biti 2 za hali, jumla biti 18, ambazo ni takriban asilimia 3.5 ya data. Kiasi hicho hakibadiliki, mashine iwe na nodi 4 au 65,536. Vielekezi vilivyomo ndani ya kashe huongezeka kadiri kashe zinavyoongezeka, maana kila nodi mpya huja na sehemu yake ya daftari. Hili ndilo jibu kamili la SCI kwa swali la ukuzaji.

4.2 Namna Orodha Inavyofanya Kazi

Mfano mdogo unatosha kuonyesha mwenendo wake. Chukuliwa fungu ambalo halina nakala popote. Nodi ya 5 inaomba kusoma. Kumbukumbu inaipa data na kuandika namba 5 kuwa kichwa. Kisha nodi ya 9 inaomba kusoma. Kumbukumbu inaandika 9 mahali pa 5, na katika jibu lake inaijulisha nodi ya 9 kwamba kichwa cha zamani kilikuwa 5. Nodi ya 9 inaitumia nodi ya 5 ujumbe kwamba sasa ndiyo iliyo mbele yake, na nodi ya 5 inakiandika kielekezi chake cha kurudi nyuma. Ikija nodi ya 12, hatua ni zile zile. Orodha sasa ni 12, 9, 5. Lakini kumbukumbu inaijua nodi ya 12 peke yake.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kumbukumbu haimkatalii mtu wala haimwambii asubiri. Hubadilisha namba ya kichwa na kuendelea na ombi linalofuata. Kama kichwa cha zamani bado kina shughuli, anayesubiri ni nodi mpya, na husubiri ndani ya orodha, kwa mpangilio ule ule ambao maombi yalifika. Hakuna nodi inayoweza kurushwa zamu na wenye kasi zaidi.

Ugumu huanza pale nodi inapotaka kutoka. Kashe ni ndogo. Fungu likiondolewa ili kupisha jingine, nodi hulazimika kuwaarifu jirani zake wawili ili washikane wao kwa wao. Katika daftari la safu ya biti, nodi inaweza kuitupa nakala safi bila kumwambia mtu. Katika orodha-mnyororo kuondoka kimya kungekata mnyororo. Na majirani wawili wakitaka kuondoka kwa wakati mmoja, kila mmoja atakuwa anamwelekeza mwenzake kwa mtu anayeondoka. Kiwango kiliweka kanuni kwamba aliye karibu zaidi na mkia ndiye wa kwanza. Kanuni hiyo ni fupi kuitamka, lakini hali za mpito zinazohitajika ili kuitekeleza ni nyingi, na ndiyo sababu mojawapo ya hali ya fungu ndani ya kashe kuhitaji biti 7.

4.3 Bei ya Kuandika

Ruhusa ya kuandika hutolewa kwa kichwa cha orodha peke yake. Nodi ya 5 katika mfano uliotangulia ikitaka kuandika, kwanza hujitoa mkiani, huiendea kumbukumbu na kuwa kichwa kipya, kisha huanza kubatilisha nakala za wengine. Huituma amri kwa nodi ya 12, ambayo hujibu kwamba imebatilisha na kwamba anayefuata ni 9. Ndipo huituma amri kwa nodi ya 9, ambayo hujibu kwamba hakuna mwingine. Haiwezi kuzituma amri zote mbili kwa pamoja, kwa sababu haimjui wa pili mpaka wa kwanza amtaje.

Kwa hiyo muda wa kuandika hukua sambamba na idadi ya wenye nakala. Chukuliwa, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba safari moja ya kwenda na kurudi ni mikrosekunde 1. Nakala zikiwa 2, kubatilisha huchukua mikrosekunde 2; zikiwa 100, huchukua 100. Katika daftari la safu ya biti, kumbukumbu inawajua wote tangu mwanzo na inaweza kuwatumia amri kwa mfululizo bila kusubiri jibu la kila mmoja. Sifa ile ile iliyoifanya SCI isiwe na ukomo wa nafasi ndiyo iliyoifanya iwe na ukomo wa muda. Wabunifu wake waliliona hilo, na kazi ya nyongeza ya P1596.2 ilikusudia kuugeuza mnyororo kuwa mti, ili muda ukue kwa logi ya idadi badala ya idadi yenyewe. Kiwango cha msingi kiliruhusu pia njia ya mkato pale nakala zinapokuwa mbili tu, hali ambayo hutokea mara nyingi prosesa moja inapozalisha data na nyingine kuitumia.

4.4 Usahihi wa Itifaki

Itifaki yenye hali nyingi za mpito haiwezi kuaminiwa kwa kusomwa tu. Kwa kutambua hilo, waandishi wa kiwango waliieleza itifaki kwa msimbo wa lugha ya C unaoweza kuendeshwa, badala ya maelezo ya maneno peke yake. Uamuzi huo ulizaa tunda lisilotarajiwa. Stern na Dill (1995) wa Chuo Kikuu cha Stanford waliuchukua msimbo huo, wakauhamishia katika zana yao ya uhakiki iitwayo Murphi, na kuchunguza hali zote zinazofikika katika mifumo midogo. Walikuta makosa kadhaa, mengine ya kusahau kuweka thamani za mwanzo, mengine ya kimantiki na yaliyojificha sana. Makosa hayo yalipatikana miaka mitatu baada ya kiwango kupitishwa. Funzo lake kwa watafiti ni la pande mbili: mnyororo uliosambazwa ni mgumu kuliko unavyoonekana, na kiwango kilichoandikwa kwa lugha inayoendeshwa kinaweza kukosolewa kwa uthabiti ambao maelezo ya maneno hayauruhusu.

5.0 Mashine Zilizojengwa

5.1 Penye Lango Wazi

Mashine zilizotumia upatanifu wa SCI kwa mafanikio zilikuwa na jambo moja linalofanana: wajenzi wake waliweza kuifikia njia ambayo kashe za prosesa zilitumia kuwasiliana. Kampuni ya Convex ilitoa Exemplar SPP1000 mwaka 1994. Kila nodi yake kubwa ilikuwa na prosesa 8 za PA-RISC zilizounganishwa kwa swichi ya ndani, na nodi hadi 16 ziliunganishwa kwa pete 4 zilizojengwa juu ya misingi ya SCI, jumla prosesa 128. Kampuni ya Sequent ilitoa NUMA-Q mwaka 1996, iliyoelezwa na Lovett na Clapp (1996). Humo prosesa 4 za Pentium Pro zilikaa kwenye njia ya pamoja ya kawaida, zikisikilizana, na kadi maalumu ilisikiliza njia hiyo na kuitafsiri miamala ya mbali kuwa pakiti za SCI.

Mpangilio wa mashine zote mbili unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika orodha-mnyororo, anayehesabiwa ni nodi, si prosesa. Prosesa 4 za Sequent zilionekana kwenye pete kama kashe moja. Mnyororo ambao ungekuwa na viungo 32 ulipunguzwa kuwa na 8 kwa zaidi. Kwa maneno mengine, wahandisi hawakuitupa njia ya pamoja. Waliibakiza pale ilipokuwa fupi na ya haraka, wakaitumia SCI pale ambapo njia ya pamoja isingefika. Bei ya kuandika iliyoelezwa katika sehemu ya 4.3 ilipunguzwa kwa mpangilio wa mashine, bila kuibadili itifaki.

5.2 Penye Lango Lililofungwa

Kampuni ya Dolphin iliuza kadi za SCI za kuchomeka katika nafasi za PCI za kompyuta za kawaida. Kadi hizo zilitumika kujenga makundi ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Paderborn, Ujerumani, kwa mfano, kilikuwa na mashine ya Siemens yenye nodi 96 zilizopangwa katika pete zinazovukana. Huko Uswisi, kituo cha CERN kiliuchunguza uwezo wa SCI wa kukusanya data za majaribio ya chembe kupitia mradi wa RD24.

Lakini kadi iliyo katika PCI haiioni miamala inayopita kati ya prosesa na kashe yake. Inaweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya mbali, tena kwa ucheleweshaji mdogo, lakini haiwezi kujua kwamba prosesa imebadilisha nakala iliyo ndani ya kashe, wala haiwezi kuiamuru kashe ibatilishe. Kwa sababu hiyo kadi hizo zilitekeleza nusu tu ya kiwango. Kiwango chenyewe kilikuwa kimeruhusu hilo, kwa kuufanya upatanifu kuwa sehemu ya hiari. Watumiaji wa makundi hayo waliishia kupelekeana ujumbe kwa maktaba za MPI, yaani kurudi katika namna ya kwanza ya kupanga prosesa nyingi, ijapokuwa chini ya programu zao kulikuwa na kiungo kilichobuniwa kwa ajili ya namna ya pili.

5.3 Mbinu Mbadala

Wakati huo huo, mradi wa DASH wa Chuo Kikuu cha Stanford (Lenoski na wenzake, 1992) ulikuwa umeonyesha kwamba daftari la safu ya biti linatosha kwa mashine ya prosesa 64 zilizogawanywa katika makundi 16. Kampuni ya SGI ililikuza wazo hilo katika mashine ya Origin (Laudon na Lenoski, 1997), na kwa mashine kubwa ikaifanya biti moja iwakilishe kundi la nodi badala ya nodi moja. Amri chache za kubatilisha hupotea kwa kupelekwa kwa wasio na nakala, lakini zote hutumwa kwa pamoja. Mbinu hiyo ni ya kukadiria mahali ambapo SCI ilisisitiza uhakika, na kwa ukubwa wa mashine zilizonunuliwa kweli sokoni, makadirio yalitosha. Nafasi za nodi 65,536 zilizoulazimisha mnyororo hazikuwahi kujazwa.

6.0 Kilichodumu na Kilichorejea

Sehemu ya SCI iliyoenea zaidi ni ile isiyohitaji ruhusa ya mtu. Toleo la nyongeza la IEEE 1596.3 la mwaka 1996 lilieleza namna ya kutuma ishara kwa nyaya mbili zenye tofauti ndogo ya volti, mbinu ijulikanayo kwa ufupisho wa LVDS, ambayo ilisanifiwa pia katika kiwango cha TIA/EIA-644. Mkondo wa umeme wa takriban miliampia 3.5 unaopita katika kizuizi cha omu 100 huleta tofauti ya milivolti 350, inayotosha kusomwa kwa uhakika na ndogo kiasi cha kutumia nishati kidogo. Mbinu hiyo iliingia katika nyaya za vioo vya kompyuta za mkononi, kamera na vifaa vya viwandani, mikononi mwa wahandisi ambao hawakuwa na haja yoyote na upatanifu wa kashe.

Upatanifu kwa upande wake ulihamia kwa wenye lango. Kampuni ya AMD ilitoa prosesa za Opteron zenye viungo vya HyperTransport, na Intel ikafuata na QPI mwaka 2008. Vyote ni viungo vya nukta hadi nukta, vyenye pakiti na foleni tofauti za aina za ujumbe, kama SCI ilivyopendekeza. Kampuni ya Numascale ya Norway ilipotaka kufufua upatanifu wa SCI kwa seva za kawaida, ilifanikiwa kwa sababu iliruhusiwa kujiunga na HyperTransport ya Opteron, yaani kwa kupita katika lango ambalo mtengenezaji wa prosesa alilifungua.

Mwaka 2019 kilitangazwa kiwango cha CXL, kikiwa na Intel miongoni mwa waasisi wake. CXL inatumia nyaya za PCI Express, yaani mrithi wa nafasi zile zile zilizozifungia nje kadi za SCI, na kuziongezea ujumbe wa upatanifu wa mafungu ya baiti 64. Hapo mwanzo upatanifu wake haukuwa wa usawa: prosesa mwenyeji ndiye mwamuzi, na vifaa humwomba. Toleo la 3.0 la mwaka 2022 liliviruhusu vifaa vya kumbukumbu kuziamuru kashe za wenyeji kubatilisha nakala, na wenyeji kadhaa kutumia kumbukumbu moja. Viwango shindani vya Gen-Z na OpenCAPI vilikabidhi kazi zao kwa muungano wa CXL. Lengo lililoandikwa na kundi la SCI, la kiwango kimoja cha wazi cha kuunganisha kumbukumbu za mashine nyingi kwa upatanifu, limerudi mezani, safari hii likiletwa na wenye lango wenyewe.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba SCI ilikuwa sahihi katika utambuzi wake wa mipaka ya njia ya pamoja, na kwamba muundo wake wa njia za upande mmoja, pakiti na mwangwi ulitangulia viungo vilivyokuja kuwa vya kawaida. Itifaki yake ya orodha-mnyororo ililimaliza tatizo la ukubwa wa daftari kwa kuongeza muda wa kuandika na ugumu wa uhakiki, mabadilishano ambayo yangekuwa na faida katika mashine kubwa kuliko zilizojengwa. Kilichozuia kuenea kwake hata hivyo hakielezwi na itifaki peke yake. Daftari lililogawanywa katika kashe linahitaji ridhaa ya kila mwenye kashe. Penye ridhaa, kama kwa Convex, Sequent na Numascale, upatanifu ulifanya kazi, na pasipo na ridhaa ulibaki kuwa sura isiyotekelezwa ya waraka.

Kwa watafiti wanaotathmini viwango vipya vya kumbukumbu ya pamoja, maswali matatu yanatokana na historia hii. Taarifa za upatanifu zinawekwa wapi, na gharama yake inakua kwa nafasi au kwa muda? Je, itifaki imeandikwa kwa namna inayoweza kuhakikiwa na mashine? Na ni nani anayeweza kuifunga njia ya kuelekea kashe baada ya kiwango kupitishwa? SCI ilijibu maswali mawili ya kwanza kwa uwazi ambao bado ni wa kuigwa. Swali la tatu halikujibiwa katika waraka wake, na jibu lake ndilo litakaloamua iwapo CXL itabaki kiwango cha wazi kwa vitendo kama ilivyo kwa jina.